Usalama wa Bodaboda Uanzie Bandarini

Mhadhara kwa wakazi wa Itungi, wilayani Kyela



Nimeombwa nizungumzie usalama wa bodaboda. Kwa kawaida mada hii ikitajwa, macho yote hugeuka kumtazama dereva. Anaambiwa avae kofia ngumu, asipakie mshikaki (abiria zaidi ya mmoja), apunguze mwendo, akate leseni. Hayo yote ni ya kweli. Lakini leo nataka tuanzie mbali kidogo, kabla dereva hajakabidhiwa ufunguo. Tuifuate pikipiki yenyewe tangu inapoteremshwa bandarini Dar es Salaam mpaka inapofika hapa kwetu, tuone njiani iliulizwa maswali gani, na nani aliyeiuliza. Hoja yangu ni kwamba mzigo wa usalama ambao tumemtwisha kijana wa kijiwe ulipaswa kubebwa kwanza na mwagizaji, muuzaji na mmiliki, na mahali pa kuwatwisha ni pale chombo kinapoingia nchini.

Pikipiki nyingi tunazopanda zinatoka India na China. Za India mnazijua, Boxer na TVS. Za China majina ni mengi: SanLG, Haojue, Fekon, Kinglion, na mengine yaliyokuja yakapotea. Husafirishwa zikiwa kwenye makasha, usukani umefunguliwa, gurudumu la mbele limetolewa, vioo vya pembeni vimefungwa kwenye mfuko. Lango la kwanza ni forodha. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uanze Januari 2005, nchi wanachama zimekuwa na ushuru wa pamoja kwa bidhaa za kutoka nje: malighafi hazitozwi, bidhaa za kati ni 10%, bidhaa zilizokamilika ni 25%, na kuanzia Julai 2022 likaongezwa daraja la 35%. Juu ya ushuru ipo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni 18%. Baada ya hapo Mamlaka ya Mapato huisajili pikipiki, hutoa kadi, na hufungwa kibao chenye namba inayoanza na MC. Shirika la Viwango nalo, TBS, tangu 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa hukohuko zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, ili zisizofikia kiwango zisifike kabisa.

Kwa hiyo siwezi kusema hakuna anayeuliza. Wapo wanaouliza, na wanafanya kazi. Ila ukiyapanga maswali yote hayo, utaona mengi yanahusu fedha na umiliki: thamani yake ni kiasi gani, kodi imelipwa, mwenyewe ni nani. Swali ninalolitafuta ni jingine. Chombo hiki kinakwenda kubeba abiria wa kulipa, kwenye mteremko, kwenye mvua, kutwa kucha. Je, kina breki za kazi hiyo? Na vichwa viwili vitakavyokaa juu yake vimepewa kinga gani?

Tuzungumze kwanza habari za breki, kwa sababu jiografia yetu haisamehi. Kutoka Tukuyu mpaka usawa wa ziwa, barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Kijana anatoka juu na abiria mmoja, pengine wawili, na mkungu wa ndizi mbele yake kwenye tangi. Pikipiki nyingi zinazouzwa hapa zina breki za dramu mbele na nyuma. Breki ya dramu si mbovu kwa asili yake. Inafaa kwenye tambarare, ni rahisi kutengeneza na vipuri vyake vinapatikana. Lakini ukiibana muda mrefu kwenye mteremko, pedi hupata moto na zinaanza kupoteza nguvu ya kushika. Ukiteremka hadi huku bondeni, unakutana na maji. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zote zinamwagikia kwenye wilaya hii, na mwezi wa nne kila mmoja wetu anajua barabara za vijijini zinavyokuwa. Maji yakiingia ndani ya dramu, pedi huteleza mpaka zikauke. Dereva anakanyaga, pikipiki inaendelea kwenda. Halafu tunasema alikuwa mwendokasi.

Huko India zinakotengenezwa pikipiki hizi, serikali yao iliamuru kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili 2019 kila pikipiki mpya yenye injini ya zaidi ya cc 125 iwe na mfumo unaozuia gurudumu lisigande pale dereva anapobana breki ghafla. Zenye injini ndogo zaidi zinatakiwa angalau ziwe na breki za pamoja, yaani ukikanyaga ya nyuma, ya mbele nayo inashika kiasi. Miaka miwili kabla, kuanzia Aprili 2017, waliamuru taa ya mbele iwe inawaka muda wote injini ikiwa inaunguruma. Kiwanda hakikusema haiwezekani. Kilitengeneza. Zinazokuja kwetu, nyingi hazina mifumo hiyo ya breki, kwa sababu hatukuidai. Mtengenezaji anaangalia sheria ya nchi anakopeleka bidhaa. Ikiwa kimya, naye anapunguza gharama. Simlaumu sana. Anayetengeneza kitu cha kuuza hufuata alichoagizwa.

Na kuna jambo jingine dogo katika kanuni za India ambalo akina mama waliopo hapa watalielewa haraka kuliko mimi. Kanuni zao za magari za 1989 zinadai kila pikipiki iwe na mshikio wa abiria, mahali pa kuwekea miguu yake, na ngao inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe. Waliifikiria sari. Sisi tuna kitenge na kanga, na gurudumu halijui tofauti. Nimeziona pikipiki hapa Kyela zilizofika na ngao hiyo, na siku ya kwanza tu fundi akaifungua ili afunge keria ya chuma ya kubebea magunia ya mpunga na kakao. Hakuna aliyemwambia ni ya nini. Ilionekana ni pambo. Mama anapakiwa upande upande, mtoto mgongoni, pindo la kitenge linaning'inia sentimita chache kutoka kwenye spoki. Kanuni yenye sentensi moja tu, ikisema keria ifungwe bila kuondoa ngao, ingetosha. Gharama yake kwa serikali ni karatasi.

Sasa kofia. Hapa nitakaa kidogo.

Nimekuja na kofia mbili, zipo hapa mezani, baadaye mje mzishike. Hii nyeusi niliinunua sokoni kwa bei ya chini kabisa niliyoipata. Nimeikata katikati kwa msumeno wa chuma ili tuone tumbo lake. Nje ni plastiki nyembamba. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea. Ndani kuna kitambaa, na nyuma ya kitambaa kuna sponji laini, unene wake kama wa ndala. Basi. Mkanda wa kidevuni umeshikiliwa kwa ribiti moja ndogo kila upande, na upande mmoja nimeuvuta kwa mkono ukachomoka. Hii ya pili, nyeupe, nayo nimeikata. Ganda lake ni gumu. Chini ya kitambaa kuna tabaka nene la povu gumu jeupe, lile mnaloliona kwenye maboksi ya televisheni. Povu hilo ndilo kofia yenyewe. Kichwa kinapogonga lami, povu linapondeka, na katika kupondeka kwake linameza sehemu ya kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Sponji halimezi chochote. Linakupa joto tu.

Vijana wawili wakisimamishwa barabarani, mmoja na hii nyeusi na mwingine na hii nyeupe, wote wataambiwa wamevaa. Mmoja tu ndiye aliyevaa.

Kwamba kofia ya kweli inaokoa, hilo halina ubishi tena. Mwaka 2008 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 61 kutoka nchi mbalimbali wakayachambua kwa pamoja. Waliona kwamba kofia inapunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa ajalini kwa takriban 42%, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takriban 69%. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na karibu mmoja katika kila watano ni wa pikipiki na bajaji. Ukiingia Taasisi ya Mifupa Muhimbili utawaona waliobaki hai, miguu imening'inizwa kwa uzito. Wengi wao ni wa umri wenu ninyi vijana mliokaa nyuma.

Wavietnam, ambao maisha yao yote yako juu ya pikipiki, waliamua mwaka 2007. Kuanzia tarehe 15 Desemba mwaka huo kila dereva na kila abiria alitakiwa kuvaa kofia, barabara zote, bila msamaha. Katika muda mfupi zaidi ya watu tisa kati ya kumi wakawa wanavaa. Ni ushindi mkubwa, lakini una somo la pili ambalo hutajwa mara chache. Soko lao lilifurika kofia bandia za plastiki tupu, kwa sababu watu walikuwa wananunua kinga dhidi ya askari kuliko kinga ya kichwa. Wahindi waliliona tatizo hilohilo, na kuanzia tarehe 1 Juni 2021 wakakataza kabisa kutengeneza au kuuza kofia ya pikipiki isiyo na alama ya shirika lao la viwango. Tena kanuni zao zilikuwa tayari zinamtaka mtengenezaji ampe mnunuzi kofia iliyothibitishwa siku ileile anayonunua pikipiki.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Pikipiki inakuja na siti ya watu wawili na vikanyagio vya watu wawili. Iweje kofia iwe moja, tena kama zawadi ya duka ikiwa muuzaji ameamka vizuri? Mwagizaji aingize kila pikipiki na kofia mbili zilizokaguliwa na TBS, ziandikwe kwenye nyaraka zilezile za forodha, na bila hizo namba ya MC isitoke. Makasha yanapofunguliwa bandarini, kuhesabu kofia ni kazi ya dakika moja. Kuzikagua kofia moja moja barabarani, Kikusya, Ipinda, Kajunjumele, Ngonga, ni kazi isiyokwisha.

Sheria zetu hazikuandikwa na watu wabaya. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Pikipiki ya 1973 ilikuwa ya bwana shamba, ya mchungaji, ya mganga wa zahanati. Mwenyewe ndiye dereva, na anaipenda kama mtoto wake. Hakuna aliyekuwa akiwaza kwamba ingekuja kuwa daladala ya kijiji. Ilipofika 2010 zikatungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, ndipo bodaboda ikatambuliwa rasmi kuwa chombo cha abiria: iwe na leseni, ibebe abiria mmoja, kofia zivaliwe. Mamlaka ya usafiri ya wakati huo, SUMATRA, ilisimamia, na tangu 2019 kazi hiyo iko kwa mrithi wake, LATRA. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini zana kubwa ya utekelezaji ilibaki ileile, askari amesimama kando ya barabara na kijana amesimama mbele yake.

Mwaka 2021, katika bajeti, serikali ilipunguza faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja. Vijana walishangilia, na walikuwa na haki. Elfu thelathini ilikuwa inamla mtu kazi ya siku kadhaa. Lakini tujiulize hiyo elfu kumi inamgusa nani. Wengi wenu pikipiki si zenu. Mna tajiri, na mna hesabu ya kila siku ambayo haijali mvua wala malaria. Wengine mko kwenye mkataba, mnalipa mwaka mzima na zaidi ndipo kadi iandikwe jina lenu. Tairi likiwa kipara, ni lako. Pedi zikiisha, ni zako. Kofia ya abiria, ni yako. Faini, ni yako. Tajiri amelala, na mkataba haumtaji popote kwenye usalama. Mimi naona hilo ni kosa kubwa kuliko la kupakia mshikaki. Mwenye chombo cha biashara awajibike kwa hali ya chombo. Dereva awajibike kwa uendeshaji wake. Pikipiki ikikamatwa haina kofia mbili, taa imekufa, tairi kipara, faini iende kwenye jina lililo kwenye kadi.

Marekani walilifikia wazo hili zamani. Sheria yao ya usalama wa magari ya 1966 inamhesabu mwagizaji kama mtengenezaji. Ukiingiza skuta au pikipiki isiyofuata viwango vyao vya breki, taa na vidhibiti, wewe uliyeingiza ndiye unayejibu, na ikigundulika ina kasoro ya hatari unaiita irudi uitengeneze kwa gharama yako. Kofia nazo zina kiwango chao tangu 1974. Najua Marekani si Kyela. Ila wazo lenyewe halihitaji utajiri. Mwagizaji wetu ana ofisi, ana akaunti benki, ana namba ya mlipakodi; ni rahisi kumpata kuliko kumkimbiza kijana kwenye mashamba ya mpunga.

Kuna wanaosema tukikaza masharti bandarini bei itapanda, na watu watatafuta njia za panya. Hapa kwetu pingamizi hilo lina uzito kuliko Dodoma. Songwe wakati wa kiangazi tunaivuka kwa miguu. Ng'ambo, upande wa Malawi, wana kabaza zao kama sisi tulivyo na bodaboda zetu, na Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ushuru wao na wetu haufanani. Vipuri vinavuka, mafuta yanavuka, na pikipiki zinavuka pia. Sikatai. Lakini pikipiki isiyo na usajili wala kadi haiwezi kufanya kazi ya abiria kwa amani, na tajiri mwenye akili hataki mali ya milioni kadhaa anayoificha trafiki akipita. Ama bei, kofia mbili nzuri hazifiki sehemu ya kumi ya bei ya pikipiki mpya. Serikali ikitaka kumsaidia mnunuzi, ifute ushuru na kodi kwa kofia zilizothibitishwa. Itakachokosa forodhani itakiokoa wodini. Kinachonitia hofu zaidi kuliko magendo ni pedi na cheni bandia zinazouzwa mchana kweupe zikiwa na nembo za watu. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kuzikamata, na tungependa kuiona huku mara kwa mara, kwa sababu breki nzuri ya kiwandani ikishafungwa pedi bandia imekwisha kuwa breki mbaya.

Kuna mengine ambayo hatuhitaji kuyasubiri kutoka bandarini. Sheria inaitaka halmashauri itenge 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana vinaomba pikipiki. Maana yake Halmashauri ya Wilaya ya Kyela yenyewe inalipia pikipiki, na anayelipa ana sauti dukani. Iandikwe kwenye masharti ya mkopo kwamba muuzaji akabidhi kila pikipiki ikiwa na kofia mbili zenye alama ya TBS, ngao ya gurudumu, na mshikio wa abiria. Na kijana apelekwe VETA apate leseni ya daraja linaloendana na injini yake, maana A1 ni ya pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na wapo wanaoendesha 150 kwa leseni hiyo bila kujua kwamba siku ya ajali bima itauliza.

Akina mama, kwenu nina ombi. Najua kwa nini mnaikataa kofia ya abiria. Imevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, ina jasho, inaharibu nywele zilizosukwa jana. Hiyo ni sababu ya haki na madereva waache kuicheka. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, kinachofuliwa, kinatosha. Vikundi vyenu vya ushonaji vinaweza kuvishona kwa mamia, na kijiwe kinunue.

Na hapa bandarini petu pia tuna lango. Pikipiki zinazopanda meli kwenda Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay zinapita mikononi mwa watu wa bandari za Itungi na Kiwira. Huko zinakokwenda mwambao una milima na njia nyembamba, na kituo cha afya kiko mbali kuliko huku kwetu. Wafanyabiashara mnaozipakia kwenye MV Mbeya II, wengine mmo humu ukumbini: pakieni na kofia.

Sheria Na. 7 ya 1982 inaipa halmashauri ya wilaya mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Nimeandika rasimu fupi ya sheria ndogo kuhusu wajibu wa mmiliki wa pikipiki ya abiria, ina vifungu vya kofia mbili, ngao, na mkataba wa maandishi unaotaja nani anabadilisha tairi na pedi. Nakala ziko kwa mwenyekiti wa mkutano huu, na madiwani waliohudhuria nawaomba kila mmoja aondoke na moja. Sasa nakaribisha maswali, na ningeomba yaanzie kwa madereva.